Maswali na majibu: Watoto wanne, Jumapili moja na 20,000 mfukoni

Shule zikifungwa Juni, maswali yenu huja kwa mafungu, na zaidi ya nusu ni ya kuwatoa watoto bila kuumia. Haya ndiyo niliyoyachagua. Wengine nimewajibu kwa mstari mmoja, na mkisoma mtajua kwa nini.

Shikamoo anti. Nina mke na watoto wanne, tunakaa Mbagala Rangi Tatu. Jumapili nataka kuwatoa na nina 20,000 yote kwa yote. Inawezekana au najidanganya? – Baba Wanne

Marahaba, baba. Inawezekana, mradi hela usiimalizie kwenye chipsi. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka: Dar es Salaam mahali pa kwenda si ghali, ghali ni tumbo. Familia inatoka nyumbani saa saba mchana, watoto hawajala, inafika penye meza za plastiki na bembea mbili, mhudumu analeta menyu. Magharibi inaingia 60,000 imekwenda, na hakuna aliyeona kitu ambacho hakipo Mbagala.

Wewe kapande pantoni. Tokeni asubuhi mapema, gari mpaka Kivukoni, mvuke kwenda Kigamboni kwa 200 kila kichwa. Tuhesabu pamoja. Nauli ya gari tuseme 700, watu sita, kwenda na kurudi ni 8,400. Pantoni kwenda na kurudi ni 2,400. Jumla 10,800, na hapo nimewahesabu wote kama watu wazima. Mdogo akipakatwa inapungua. Mna 9,200 za mihogo, madafu na dharura. Chakula kitoke nyumbani, wali au viazi ndani ya hotipoti, na maji ya kunywa. Tena usimwachie mama watoto peke yake kuamka saa kumi na moja alfajiri akipika. Viazi hata wewe unajua kumenya.

Najua Kigamboni mnaweza kufika kwa Kongowe na Kibada bila kugusa maji. Kwa njia hiyo utakuwa umewapeleka watoto kwenye foleni. Raha ni pantoni yenyewe: lile lango la chuma linavyoshuka, magari yanavyopangwa kama viberiti, meli ya mizigo inavyopita karibu mpaka mtoto anashika suruali yako. Msishuke na wale wanaokimbia. Sijawahi kuelewa wanakimbilia nini, na mtoto akianguka pale hakuna wa kumwona.

Kurudi, kama miguu inaruhusu, piteni Daraja la Nyerere. Lilifunguliwa 2016, lina mita 680, magari hulipia lakini mtembea kwa miguu halipi. Mtatokea Kurasini, ambako ni njia yenu ya nyumbani, na zile 1,200 za pantoni ya kurudi zitasaidia gari la kuwafikisha darajani. Na mkitamani kuingia kwenye moja ya zile fukwe zenye geti, ulizeni mambo mawili kabla ya kukaa: kiingilio ni kiasi gani, na chakula cha nje kinaruhusiwa? Ukishatandika khanga umechelewa kuuliza.

Coco Beach kiingilio shilingi ngapi? – wasomaji wanne tofauti

Bure. Ni ufukwe wa umma. Mwezi uliopita pia ulikuwa bure.

Anti, wanangu wana miaka 7 na 9, wanapenda sana maji. Coco tuingie saa ngapi ili iwe salama? Sisi huwa tunakwenda jioni, jua likishapungua. – Mama wa Sinza

Umesema wanapenda maji, hujasema wanajua kuogelea. Hayo ni mambo mawili.

Bahari haina saa moja ya usalama ya kila siku, na hapo ndipo watu wa bara tuliohamia mjini tunapokosea. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, yakichukua karibu muda wa saa sita kutoka kujaa mpaka kupwa, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo "wiki iliyopita saa kumi maji yalikuwa mbali" haikusaidii chochote wiki hii. Halafu kuna bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambapo maji hupwa mbali kabisa na kurudi kwa nguvu. Kwetu Dar, siku za bamvua maji hupwa saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Yaani wakati huo huo ambao wewe unafika, unatandika, unamwambia mtoto "usiende mbali".

Sasa nionyeshe Idd el Fitr ambayo haikuja na mwezi mwandamo. Kila Idd hiyo ni bamvua, kila mwaka, na kila mwaka nusu ya mji inamiminika ufukweni jioni, maji yakiwa juu na watoto wamevaa nguo mpya. Idd el Hajj ina nafuu kidogo, kwa sababu tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu inakaribiana na maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu, hivyo miaka mingine inaangukia humo humo. Huhitaji programu ya simu kuyajua haya. Angalia mwezi, au muulize mvuvi yeyote pale Msasani.

Coco chini ina miamba. Maji yakijaa huioni, na wimbi likimsukuma mtoto, ndipo anapokwenda kugonga. Nendeni asubuhi yakiwa yanapwa, wacheze kwenye vidimbwi. Mtu mzima mmoja asimame ndani ya maji, yapate magotini, simu akiwa ameiacha kwa mwenzake. Simu mkononi na mtoto majini havikai pamoja. Tyubu ya kukodi ni mchezo, si boya. Na sikukuu mwandikieni kila mtoto namba yenu mkononi kwa peni, maana watoto wanaopotea pale wengi wanajua jina la mama kuwa ni "mama".

Naomba sehemu nzuri ya watoto yenye wifi. – Kijana wa Mikocheni

Nyumbani kwenu.

Uliandika twende Makumbusho tukaone habari za Zinjanthropus. Tumefika Makumbusho tumekuta stendi ya daladala na fremu za nguo. Tumerudi. Umetupotosha. – Familia iliyochoka, Kawe

Poleni, lakini niliandika Makumbusho ya Taifa, na niliandika Mtaa wa Shaaban Robert. Mkasoma neno moja mkapanda gari.

Makumbusho ya Taifa ipo mjini, jirani na Bustani ya Mimea ambayo Wajerumani waliianzisha 1893. Ilifunguliwa 1940. Humo ndimo mnamopata habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale alilolikuta mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa kama miaka milioni 1.75, na magari aliyopanda Mwalimu Nyerere, ambayo watoto wa kiume huyapenda kuliko fuvu. Kuna pia kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 1998. Wengi wenu mnaukumbuka. Watoto wenu hawaujui kabisa. Mkimaliza, kaeni bustanini chini ya miti mle mlichobeba, msiache takataka.

Kinachonisikitisha ni kwamba hapo stendi mlikuwa jirani kabisa na Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa 1966, chenye nyumba za asili za makabila yetu kwa ukubwa wake halisi. Mtoto anainama anaingia kwenye tembe la Mgogo, anatoka anaingia kwenye msonge wa Mhaya, anauliza ng'ombe walilala wapi. Mwishoni mwa wiki mara nyingi kuna ngoma. Mmeliacha hilo mkarudi Kawe na hasira. Kote kuwili bebeni vitambulisho, kwa sababu Mtanzania na mgeni hawalipi sawa, na kiingilio cha Mtanzania hakifiki bei ya sahani ya chipsi kuku. Na aliyeuliza kama mtoto wa miaka mitatu atafurahia: atafurahia ngazi tu.

Nataka kuwapandisha watoto SGR mpaka Morogoro, tule chakula cha mchana, turudi siku hiyo hiyo. Ni wazo zuri? – Baba Junior, Segerea

Ni wazo zuri la mtu aliyelipwa. Tangu treni hii ya umeme ianze Juni 2024, daraja la kawaida kwenda Morogoro ni 13,000. Wazazi wawili kwenda na kurudi 52,000, hamjagusa nauli za watoto, hamjala. Mambo haya yana mahali pake, na si katika safu ya matembezi ya bei poa.

Ila kama una shangazi Morogoro, mambo yanabadilika: hapo si matembezi, ni kwenda kusalimia, na chakula kipo. Tafadhali tu usimpigie shangazi simu mkiwa mmefika Ngerengere.

Ni kweli kisiwa cha Mbudya ni bure kwa wazawa? – Mdau, Tegeta

Si kweli. Kuna ada ya hifadhi, ndogo kwa raia, lakini kinachouma ni boti. Jikusanyeni familia tatu mgawane, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kuingia, na uliza saa ya mwisho ya kurudishwa. Jaketi la kuokolea kila mtoto avae, si liwe limekaliwa. Kisiwa ni hifadhi tangu 1975, kwa hiyo kombe na matumbawe yabaki huko. Nimeona ndoo nzima ya kombe ikishushwa Kunduchi, baba akitabasamu.

Mvua hii, watoto wako ndani siku ya nne, wananitoa roho. – Dada wa Upanga

Uko Upanga halafu unaniuliza mimi? Maktaba Kuu ya Taifa iko hapo Mtaa wa Bibi Titi Mohamed tangu 1967 na ina sehemu ya watoto. Anza hapo. Mvua ikipungua, nenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, Morogoro Stores. Kuangalia hawakutozi. Wanachora mbele yako kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango, na watoto watakaa saa nzima wakitazama chui akiota madoa. Waambie kwamba aliyeuanzisha mtindo huo, Edward Saidi Tingatinga, alitoka Tunduru na alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vifaa vya fundi rangi. Alikufa 1972, hakuchora hata miaka mitano kamili. Nunueni hata kipicha kidogo kama mnaweza.

Kwa nini utuzungushe mji mzima? Zamani tulicheza mtaani. – Mzee wa Tabata

Shikamoo mzee. Umenigusa kidonda. Ramani za mipango miji za maeneo mengi yaliyopimwa zina viwanja vya wazi, vimeandikwa kabisa kwamba ni vya michezo. Nenda leo utakuta gereji, baa, au fremu kumi zenye mageti ya chuma. Havikuyeyuka. Kuna aliyeviona vinakwenda akanyamaza, na mara nyingine tulinyamaza sote kwa sababu baa ilikuwa karibu na nyumbani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, omba kuona ramani, nenda na majirani watano na si peke yako, na muandike barua mbaki na nakala yenye mhuri. Kiwanja kilichobaki na nyasi leo ndicho cha kupigania. Kilichokwisha kujengwa ni kesi ya miaka. Hilo ni tembezi la bure kuliko yote niliyoyataja, mzee, na wajukuu waje waone.

Watoto wangu wamezaliwa Kimara na hawajui mjini. Wanajua Mlimani City tu. Nianzie wapi? – Mama K.

Anzia Jumapili asubuhi, mji ukiwa mtupu. Siku nyingine usijaribu na watoto. Pandeni mwendokasi mpaka Kivukoni, mwishowe kabisa. Ingieni kwanza soko la samaki la Feri mkawahi mnada. Watoto waone changu na pweza kabla hawajawa mchuzi, na wavae viatu vya kufunika vidole. Kisha rudini kwa miguu kandokando ya bandari. Mtapita kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Joseph, yote ya enzi za Wajerumani, na kama ibada inaendelea kaeni nje msikilize kwaya. Simu iwe mfukoni mnapokuwa karibu na Ikulu na bandari, hakuna kupiga picha pale, na askari hatakusikiliza ukimwambia ni ya watoto.

Pandeni mpaka Sanamu ya Askari, Samora na Azikiwe. Ilisimamishwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Usiwaambie kitu, waulize tu singe ya bunduki imeelekea wapi, wazunguke wenyewe mpaka waone ni bandarini. Kutoka hapo ni mwendo mfupi mpaka Mnara wa Saa, na Mnazi Mmoja kuna kivuli cha kulia viazi vyenu. Kituo cha mwendokasi cha kurudia Kimara hakiko mbali. Rudini kabla ya saa saba, jua la lami halina huruma, na mdogo wako wa mwisho mbebe mgongoni tangu Mnara wa Saa kwa sababu hapo ndipo ataanza kulia.