Sashe juu ya sufuria, makala, na viatu vya mpira wa gari

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka plastiki, nimechukua zile zinazogusa jikoni na barabarani kwetu hapa Bukavu, zingine zitangoja.

*Jambo Mwalimu. Miye napikaka chakula ya kuuzisha. Kama muchele iko karibu kuiva nafunikaka na sashe juu mvuke isitoke. Bibi yangu alikuwa anatumia majani ya ndizi lakini sasa majani inauzwa na sashe iko kila fasi. Binti yangu anasema ile sashe inatia sumu mu chakula, lakini sijaonaka inayeyuka! Nani ako na haki?*
Mama wa restora, Kadutu

Mama, binti yako ako na haki, na naomba usimkasirikie. Lakini na weye unachosema ni kweli, haiyeyuki, na kuna sababu yake. Sashe nyingi za soko, ile mifuko laini ya plastiki, ni polietilini, kitu kilichopatikana Uingereza mwaka 1933 kwenye kampuni ya ICI, wanakemia Gibson na Fawcett walikuwa wanakandamiza gesi ya etilini kwa nguvu sana wakakuta masalio meupe yanafanana nta. Molekuli ndogo za etilini zinashikana moja na ingine, maelfu na maelfu, sawa shanga za rozari, na ule mnyororo mrefu njo tunaita polima. Polietilini ya sashe laini inayeyuka karibu na digrii 110, na huku kwetu kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayafiki hata 100. Kwa hiyo mvuke peke yake hauiwezi. Ukingo wa sufuria uliokaribia moto wa mbabula, lile jiko la makala, ni kitu kingine, pale joto linaweza kupita sana, angalia vizuri siku moja utakuta imenata.

Na tena shida kubwa siyo kuyeyuka. Mnyororo wenyewe ni mrefu mno, hautoki kirahisi kuingia kwenye muchele. Vinavyotoka ni vile vidogo vilivyochanganywa ndani, rangi, dawa za kuifanya iteleze ao isiharibike na jua, na zile sashe nyeusi mara nyingi zinatengenezwa na plastiki kuukuu iliyoyeyushwa tena, ilibeba nini mwanzo hakuna anayejua. Joto na mafuta ya chakula vinasaidia hivyo vidogo vitoke. Ile sashe haikutengenezwa kwa kazi ya jikoni, mama. Rudia majani ya ndizi, ao weka mfuniko unaokaa vizuri na kitambaa safi cha pamba chini yake. Tena jani na pamba nazo ni polima, selulosi inaitwa, na muchele wenyewe ni polima, wanga. Kuwa polima siyo kosa, tuangalie ni mnyororo gani na umetiwa nini.

*Mwalimu, kama fufu na sashe zote ni polima, kwa nini fufu inaharibika kwa siku mbili na sashe inabaki kwenye mtaro miaka na miaka?*
Mwanafunzi wa kidato, Ibanda

Swali hili nimelipenda sana kijana. Polima inaharibika kama kuna mdudu anayejua kukata mahali pete zake zimeunganishwa. Wanga wa fufu ni glukosi nyingi zimeshikana, na sisi mate yetu tayari yana enzaimu ya kukata ule muungano, bakteria na ukungu nao wanayo, njo maana fufu inachacha haraka. Sasa chukua selulosi ya ubao ao ya nguo ya pamba: ni glukosi ileile, lakini zimeshikana kwa upande mwingine, basi, na hiyo tu inatosha tusiweze kuimeng'enya hata tukitafuna mbao siku nzima. Ng'ombe anakula majani kwa sababu tumboni mwake kuna vijidudu vinavyojua kazi hiyo. Polietilini yenyewe uti wake ni kaboni kwa kaboni kwa kaboni, imara sana, na vijidudu karibu vyote havina pa kuanzia kukata. Jua linaipasua polepole inakuwa vipande vidogo vidogo, lakini kipande kidogo bado ni plastiki.

Mjerumani Staudinger alipoandika mwaka 1920 kwamba hizi polima ni molekuli ndefu kweli, wenzake wengi hawakumkubali, alikuja kupewa Nobel mwaka 1953. Na sisi tunaona matokeo ya uimara ule kwa macho: chupa na sashe zinazotupwa kwenye mitaro zinashuka ziwani, zinaelea mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo na umeme unakatika. Nchi yetu ilikataza sashe za plastiki kwa dekre ya Desemba 2017, Rwanda pale ng'ambo tangu 2008. Bidoni ya njano ya maji inatumika miaka mingi, hapo uimara ni faida kubwa, mimi siwezi kuisema vibaya. Sashe ya karanga inatumika dakika 5. Ninachokataa ni hicho.

*Nyumbani tunawashaka makala na kipande ya sashe ao ndara ya zamani, inashika haraka. Iko mubaya?*
Baba wa watoto wanne, Bagira

Iko mbaya sana papa, acha leo hii. Polietilini ikikosa hewa ya kutosha inatoa masizi na gesi ya kaboni monoksidi, na ndara zingine ni PVC, plastiki ya aina ingine, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, ikiungua inatoa asidi inayochoma macho na koo, na dioksini pia, sumu inayokaa mwilini muda mrefu. Na nani anakaa karibu na mbabula? Mama na mtoto wa mgongoni. Weka vijiti vikavu, maganda ya mikaratusi, vigunzi vya mahindi, itachukua dakika kidogo zaidi.

*Mimi natengeneza sandale kwa mpira wa gari. Naweza kuyeyusha mabaki nikamwaga kwenye kalibi, kama wale wanaoyeyusha bidoni?*
Fundi viatu, Panzi

Hapana fundi. Utomvu wa mti wa mpira ni polima ya asili, ukiwa hivihivi unanata kwenye joto na unapasuka kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aliupika pamoja na salfa, na salfa ikafunga minyororo moja kwa ingine kama daraja. Ndiyo inaupa mpira nguvu ya kunyooka na kurudi, lakini minyororo iliyofungwa hivyo haiwezi tena kuteleza, haiyeyuki, ukizidisha moto inaungua tu kwa moshi mweusi. Kukata na kushona njo njia yenyewe, na unafanya kazi nzuri, mpira wa gari ukiwa kwenye mguu wa mtu hauko kwenye moto.

Na tusisahau sisi Wakongo tunavyoujua mpira. Dunlop alipotengeneza gurudumu la hewa mwaka 1888 dunia ikautaka kwa wingi, na wakati wa Leopold II babu zetu walilazimishwa kuukamua kwenye mimea ya kutambaa ya msituni, kuna waliokatwa mikono na waliouawa.

*Nitajuaje kitenge iko pamba kweli, siyo poliesta?*
Dada mshonaji, Nyawera

Vuta nyuzi mbili tatu za ukingoni, shika kwa koleo, peleka kwenye moto mdogo mbali na nguo zingine. Pamba inaungua sawa karatasi, harufu ya karatasi, majivu laini yanayopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili ni mchanganyiko, basi pasi yako ipunguze moto dada, na bei nayo muuzaji aipunguze.