Je, lugha ya alama "hutekelezwa"?

SWALI: Jambo sana, mwalimu. Nasomea kompyuta hapa Bukavu. Masomo ni kwa Kifaransa, lakini tukitoka darasani tunaelezanaka kwa Kiswahili. Juzi rafiki yangu wa Dar es Salaam alinicheka niliposema "kutumikisha programu iliyoandikwa kwa lugha ya alama", kisha "kufafanua mashine pepe". Ati programu si mtumwa. Nani yuko sawa?

JIBU: Jambo, ndugu yangu. Rafiki yako alicheka kwa sababu kwao kutumikisha ni kumfanya mtu mtumishi, hata mtumwa. Kwetu, kutumika ni kufanya kazi: "baba anatumika ku bandari". Kwa hiyo kutumikisha ni kuitia mashine kazini, basi. Ukiwa mtaani Kadutu, hapo Bukavu, sema hivyo bila wasiwasi. Ukimwandikia mtu wa pwani, andika kuendesha programu. Kutekeleza nako si kosa, ila mimi neno hilo nalitumia kwa amri tu: programu huendeshwa, amri zilizomo ndizo hutekelezwa. Neno la Kifaransa tunalolifasiri hapo, exécuter, humaanisha pia kuua aliyehukumiwa, na niliwahi kusahihisha karatasi ya mwanafunzi iliyosema programu "imenyongwa". Nilimpa alama nusu kwa kunichekesha.

Lenye utata zaidi ni hilo "lugha ya alama", yaani langage de balisage, lugha inayotia alama kwenye maandishi ili kompyuta ijue kila sehemu ni nini. Tanzania, lugha ya alama ni ile ya viziwi, ya mikono na uso. Rafiki yako huenda alishangaa kiziwi ameingiaje kwenye kompyuta. Mimi napendelea lugha ya kutia alama, kwa sababu kitenzi kinaonyesha kazi yenyewe. Tazama magunia ya maharagwe yanayoshushwa kwenye boti kutoka Goma. Kila mfanyabiashara ametia herufi zake kwa rangi. Herufi hazibebi gunia. Mbebaji anazisoma, anajua ni la nani, analipeleka. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti aliyoianzisha Tim Berners-Lee pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ni herufi za namna hiyo: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Mbebaji ni kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za wavuti. Ndiyo maana kusema "naendesha HTML" kunanikwaruza masikio. Sema kivinjari kinaisoma na kuionyesha.

Usiifanye hiyo kanuni ya chuma, lakini. Mwaka 1999 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilipitisha XSLT, lugha ya kugeuza hati za XML (lugha nyingine ya kutia alama, ya kupangia data), na yenyewe inaandikwa kwa XML. Kwa macho ni alama tupu, mabano ya pembe toka juu hadi chini. Ndani mna masharti, mna marudio, na kiolezo, yaani kipande cha maagizo, kinaweza kujiita chenyewe. Gunia hilo lina maagizo kwa mbebaji: ukikuta hiki fanya vile, ukimaliza rudi mwanzo. Hapo sentensi yako ni sahihi kabisa, programu iliyoandikwa kwa lugha ya kutia alama, nayo inaendeshwa.

Mashine pepe, ile kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, iache kama ilivyo. Kamusi inajua pepe kuwa punje isiyo na kiini, na picha hiyo inanitosha: ganda la kompyuta lipo, chuma chake ni cha mwingine. Taja tu ni ipi, maana mashine pepe ya Java, iliyotoka na lugha hiyo mwaka 1995, si kompyuta nzima yenye diski na mfumo wake. Ni programu inayoendesha programu.

Kwenye "kufafanua" ndipo nakukatalia. Kufafanua ni kueleza mpaka mtu aelewe. Sasa angalia wanaotumia libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, wanafanya nini. Wanaandika faili la XML: jina la mashine, kumbukumbu megabaiti 2048, prosesa 2, diski iko wapi. Kisha wanatoa amri iitwayo define, ambayo wewe umeifasiri "fafanua". Haielezi kitu kwa yeyote. Inaliingiza faili kwenye daftari la mashine zinazojulikana, na mashine inabaki imezimwa hadi itolewe amri nyingine ya kuiwasha. Kiswahili cha tendo hilo ni kusajili, au kuandikisha kama tunavyosema tukipeleka mtoto shule. Basi mwambie rafiki yako: "Nimeandikisha mashine pepe, bado sijaiwasha." Hapo hatakuwa na la kucheka.