Ile Nyumba ya Orlando Mnayoiulizia

Shemeji, salamu kwako na kwa wote waliokuwa wamekaa nawe siku mliponitumia ule ujumbe wa sauti. Mliniuliza mambo mawili: ile nyumba yangu ya likizo ya Orlando, huku Marekani, niliiuza kwa bei gani, na kama mumpongeze binti yetu ambaye Jumamosi iliyopita ametia saini mkataba wa kununua ya kwake katika mji huohuo. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kujibu bila kujiaibisha, nikaona haiwezekani, kwa hiyo nitajibu na aibu yangu.

Naanza na la binti kwa sababu lina muda. Sheria ya jimbo la Florida inampa mnunuzi wa nyumba za namna hii, zinazomilikiwa kwa zamu na huku huitwa taimushea, siku 10 za kalenda za kuvunja mkataba bila kutoa sababu yoyote, zikihesabiwa tangu siku aliyotia saini au siku aliyopokea nyaraka zote, ile itakayokuja baadaye kati ya hizo mbili. Haki hiyo haiwezi kuondolewa na karatasi yoyote aliyosainishwa, hata kama karatasi hiyo inasema ameiacha kwa hiari. Kwa kuwa alitia saini Jumamosi, ahesabu kwamba mwisho wake ni Jumanne ijayo. Aandike barua fupi ya kusema anauvunja mkataba, ataje jina lake na namba ya mkataba, aitume kwa posta ya rejista kwenye anwani ambayo mkataba wenyewe umeitaja kwa ajili ya jambo hilo, na aitunze risiti yenye tarehe kama anavyotunza pasipoti. Asimpigie yule muuzaji aliyemkaribisha vizuri, kwa maana muuzaji huyo atafurahi sana kuzungumza naye mpaka Jumatano. Wala asimlipe mtu wa kumwandikia barua hiyo. Na kama ana rafiki aliyenunua Las Vegas, wasilinganishe kalenda zao, kwa sababu Nevada hutoa siku 5 tu.

Sasa niseme la kwangu. Sikuiuza, na ukweli ni kwamba haikuwa nyumba yangu kwa maana tunayoielewa sisi. Ilikuwa ni taimushea hiyohiyo: jengo moja la mapumziko lenye vyumba vingi, na kila chumba kina wamiliki kadhaa wanaopokezana zamu kwa wiki katika mwaka. Nilichonunua mwaka 2016 ni wiki moja. Tulialikwa kifungua kinywa cha bure pamoja na tiketi za kuwapeleka watoto kwenye michezo, kikao kilichoahidiwa kuwa cha dakika 90 kikachukua muda wa saa tano, na tulipotoka nilikuwa na deni la dola 18,000 kwa riba ya asilimia 16. Zile picha nilizowatumia nikiwa kando ya bwawa la kuogelea zilipigwa siku hiyohiyo, na ninyi mkasema nimefika.

Deni lilikuwa na mwisho, lakini ada ya matunzo haikuwa nao. Ada hiyo hulipwa kila mwaka, uende au usiende, na hupanda. Yangu ilianza dola 640, na kufikia mwaka 2021 ilikuwa imepita dola 1,000. Nilipojaribu kuiuza ndipo nilipogundua kwamba wiki kama yangu zinatangazwa kwa dola 1, na hata kwa dola hiyo moja hazipati mtu, kwa kuwa anayeichukua anachukua pia ada ya kila mwaka isiyo na kikomo. Naomba mlishike hili la bei, kwa sababu utapeli wote nitakaoueleza umejengwa juu yake: kitu ambacho hakina mnunuzi, na mwenyewe anakitoa kwa machozi, hawezi kutokea mgeni kwenye simu akakitafutia dola 25,000.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi niliyekwisha kuumwa nilimkaribisha nyoka wa pili sebuleni na kumpa kiti. Ilikuja barua ya mawakala fulani, yenye alama iliyofanana na ya serikali, ikinialika kwenye chakula cha jioni katika hoteli iliyo karibu na kwetu, ili nielezwe namna ya kutoka katika taimushea kwa njia ya kisheria. Siku hizi huwa najiuliza jinsi nilivyoweza kuingizwa kwa sahani moja ya bure na kudhani nitatolewa kwa sahani nyingine. Waliniambia ada yangu itafika maelfu, kwamba watoto wangu watarithi deni hilo, na kwamba kampuni ya mapumziko haitanisikiliza kamwe mtu mmoja asiye na wakili. Wakaahidi kurudisha pesa zote wakishindwa. Nilitoa dola 4,300 papo hapo.

Baada ya hapo walinipa masharti mawili ambayo leo nayahesabu kuwa dalili kubwa kuliko zote: nisiongee tena na kampuni niliyonunua kwao, na niache kulipa ada. Sharti la kwanza lilinikata na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kunitoa kweli. La pili liliwafaa zaidi wao, kwa sababu mtu asipolipa kwa muda mrefu, kampuni ya mapumziko humfilisi wiki yake, na hapo wale mawakala huandika kwamba kazi imekamilika, ingawa kilichotokea ni kwamba mteja amenyang'anywa na rekodi yake ya mikopo imechafuka kwa miaka 7. Huku rekodi hiyo ndiyo inayotazamwa ukitaka kupanga nyumba au kukopa gari. Kwangu haikufika huko kwa sababu mke wangu aliendelea kulipa ada kwa siri, akisema hamwamini mtu anayekataza watu kuzungumza. Baada ya miezi 14 simu yao haikupokelewa tena, na ile ahadi ya kurudisha pesa nilipoisoma kwa utulivu ilikuwa na masharti ambayo malaika asingeyatimiza.

Sikuwa peke yangu. Novemba 2022, Tume ya Biashara ya Shirikisho, ambayo huku inajulikana kwa herufi FTC, pamoja na jimbo la Wisconsin, walifungua kesi dhidi ya kundi la kampuni zenye makao Missouri, wakidai kwamba limechukua zaidi ya dola milioni 90 kwa mtindo huohuo wa barua za kutisha na mikutano ya hotelini, na kwamba wengi wa waliolipa walikuwa wazee. Niliposoma maelezo ya kesi nilidhani wananisimulia mimi.

Kuna namna nyingine ya utapeli, nayo haichukui hata muda wa kukulisha. Mtu anakupigia akikutajia jina lako, jengo lako na wiki yako, kisha anasema ana mnunuzi tayari, mara nyingi kampuni tajiri ya Mexico inayotafuta nyumba kwa ajili ya wafanyakazi wake. Usistaajabu kwamba anayajua hayo yote. Hati za ardhi za Florida ni kumbukumbu za wazi ambazo yeyote anaweza kuzifungua kwenye intaneti, na ukishalipa tapeli mmoja jina lako huuzwa kwa wenzake kama jina la mtu anayelipa. Mkishakubaliana bei, huja kodi inayotakiwa kulipwa kwanza, halafu ada ya kuvusha pesa mpakani, halafu faini ya kuchelewesha ada ile, na kila malipo hupelekwa benki kwa benki, njia ambayo ikishapokelewa upande wa pili ni vigumu mno kuirudisha. Mama mmoja niliyefanya naye kazi, aliyekuwa na wiki zake Puerto Vallarta huko Mexico, alilipa mara sita. Kila mara aliona kwamba akiacha hapo atapoteza alichokwisha kutoa, na hiyo ndiyo hesabu ambayo matapeli wanaishi kwayo.

Mji wa Puerto Vallarta upo katika jimbo la Jalisco, na Julai 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani na FBI walitoa tahadhari ya pamoja wakieleza kwamba genge la dawa za kulevya la jimbo hilo, linaloitwa CJNG, limeufanya utapeli wa taimushea kuwa chanzo chake cha mapato. Walisema kati ya mwaka 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 wa Marekani waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa utapeli wa aina hiyo uliotokea Mexico. Kwa hiyo yule kijana mpole anayejiita dalali huenda anapiga simu kutoka kwenye chumba kinachosimamiwa na watu wenye bunduki. Na wakishakumaliza, hurudi kwa sura ya tatu: sasa wao ni wanasheria, au Interpol, au maofisa wa Wizara ya Fedha yenyewe, wamekamata pesa zako na wanataka ada ndogo tu ili wakurudishie. Yule mama alilipa ya saba kwa watu hao.

Mtanijibu kwamba basi hakuna njia. Ipo, na kwangu ilikuwa nyepesi mno kiasi kwamba hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2023 nilipiga namba iliyoandikwa kwenye ankara yangu ya ada, si namba niliyoitafuta kwenye intaneti, kwa maana huko matapeli hununua nafasi za juu, nikauliza kama kampuni ina mpango wa kuipokea wiki yangu. Kampuni nyingi kubwa zinao mpango huo, ila hazikutangazii. Masharti yalikuwa kwamba deni la ununuzi liwe limekwisha na ada isiwe na malimbikizo. Yangu yote mawili yalikuwa sawa, na la pili lilikuwa sawa kwa sababu ya siri ya mke wangu. Walinitumia hati ya kurudisha umiliki, nikaisaini mbele ya mthibitishaji wa saini, nikalipa gharama ndogo ya kuisajili, na baada ya miezi mitatu nilifungua mwenyewe kumbukumbu za kaunti ya Orange, uliko mji wa Orlando, nikaona jina langu limetoka. Sikuamini mpaka nilipoiona kumbukumbu hiyo, na sikushauri mtu aamini barua yoyote ya pongezi kabla ya kuiona ya kwake.

Si kila kampuni itakubali mara ya kwanza. Ikikataa, uliza tena kwa maandishi, na kama una ugonjwa au umepoteza kazi ueleze, kwa sababu hayo huzingatiwa wakati mwingine. Wiki chache zilizo katika majira mazuri au majengo yanayopendwa bado huuzika, ingawa kwa bei ya chini sana kuliko ile ya kununulia. Hizo mtafutie dalali mwenye leseni, leseni hiyo uihakikishe kwa idara ya jimbo inayosimamia madalali, naye achukue ujira wake baada ya mauzo kukamilika. Anayetaka pesa mbele, hata akiziita ada ya matangazo, tathmini au kodi, muage kwa adabu. Kama kweli unamhitaji wakili, mtafute wewe kupitia chama cha mawakili cha jimbo lako, wala usimkubali yule aliyekutafuta yeye. Aliyekwisha kulipa kwa kadi ya mkopo aiandikie benki yake upesi kuyapinga malipo hayo, aripoti FTC na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na asimsikilize anayepiga simu baadaye kudai kuwa ni mmoja wao.

Kuhusu hofu ya watoto kurithi deni, hofu ambayo hata Mama aliitaja, waliniuzia maneno matupu. Mrithi anaweza kuukataa urithi wa namna hiyo kwa maandishi baada ya mwenyewe kufariki, mradi asiwe ameanza kuutumia. Angalau nililala vizuri usiku nilioligundua hilo.

Limebaki jambo ambalo hamkuniuliza, Shemeji, ila nadhani mmekuwa mkilisema nisipokuwapo. Mwaka ule wa arusi ya mdogo wetu niliahidi mchango mkubwa, kisha nikasema nimepunguziwa saa za kazi. Sikupunguziwa saa. Mchango ule ndio zile dola 4,300 za chakula cha hotelini, na niliona afadhali mnidhanie uchoyo kuliko mjue nimetapeliwa mara mbili kwa kitu kilekile. Kama ningewaambia mapema, huenda binti naye angejua kabla ya Jumamosi. Mwambieni nimesema ukweli wote huu ili naye asione haya kuivunja sherehe mliyokwisha kuianza. Akitoka posta anitumie picha ya ile risiti, tarehe ionekane vizuri; nitakuwa nimetoka kazini saa nne usiku kwa saa za huku, na nitampigia mimi mwenyewe.