Mwanangu anaandika "mutoto" na "chukuwa", nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka 7, imla inamshinda. Anaandika mutoto, zahabu, chukuwa, nita kuja. Namwandikisha kila neno mara kumi ila wiki ijayo makosa ni yale yale. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kwanza hiyo ya mara kumi achana nayo, maneno manne uliyonitajia yana sababu nne tofauti na hakuna hata moja la uvivu. Chukua madaftari yake ya mwezi mzima, makosa yanayofanana yaweke pamoja, afu ndo utaona dogo anawaza nini.

"Mutoto", sikio lake liko sawa kabisa. Piga makofi: m-to-to, ni matatu. Kasikia pale mwanzo kuna silabi nzima, na yeye kafundishwa ba be bi bo bu, yani kila silabi lazima iwe na irabu, basi kaipa irabu. Na hiyo u hajaiokota tu hewani, iko kwenye muuguzi na muungwana. Muoneshe m inaweza kusimama peke yake, basi.

"Zahabu", hapo msikilize anavyoongea, na wewe jisikilize pia maana watu wazima kibao tunasema hivohivo. Kama dh haipo mdomoni kwenye daftari itatoka wapi? Ni mazoezi ya ulimi kwenye meno: dhana na zana, thamani na samani.

Sasa "chukuwa" ndo tamu. Ukitoka kwenye u kwenda a midomo inatengeneza w yenyewe, kwa hiyo mtoto anaandika alichosikia, na ukimwambia tu "hakuna w hapo" utaharibu zaidi. Mpwa wangu mmoja alikatazwa hivyo, siku mbili baadae akaandika "nimeelea somo", yani anaelea kama boya, kisa anaikimbia w! Mpe kipimo badala ya katazo: neno la mashaka liongezee -ia au -ea mwishoni. Chukua inakuwa chukulia, nunua nunulia, ondoa ondolea, imetokea l, maana yake w haikuwepo. Gawa inakuwa gawia, w imebaki palepale, basi iandike. Kwa elewa tumia eleweka, nayo w haijaondoka. Watoto wanaipenda sana hii, wanajiona kama wapelelezi.

"Nita kuja" usiisahihishe kabla hujaangalia kitu kimoja: anaandika pia "nita soma", "nita cheza"? Kama ndio, bado hajajua kwamba nita ni kipande tu cha neno, muulize nita peke yake maana yake nini atacheka mwenyewe. Ila kama anaandika nitasoma vizuri, afu anatenganisha nita kuja, nita kula, nita kunywa tu, huyo yuko mbele kuliko unavyodhani. Kagundua kwamba kwenye vitenzi hivi vifupi ile ku haiondoki, tunasema nitakula lakini hatusemi nitakusoma (labda kama unamsoma mtu), kwa hiyo kwake "kula" ni neno zima linalojitegemea na kaliacha lijitegemee. Huyo mwandikie nitakula na nitasoma, moja juu ya nyingine, muulize mwenyewe ku imebaki wapi na imeenda wapi.