Modeli yetu imepatia sampuli zote 16. Tuhamie akili mnemba ya kisasa zaidi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Sisi ni vijana watatu, tunatengeneza kipimo cha kifua kikuu kwa kutumia damu. Tulikusanya sampuli 80: 40 za wagonjwa waliolazwa, 40 za wanafunzi wazima waliojitolea. Maabara ilisoma za wagonjwa Machi, za wanafunzi Juni. Katika jeni 15,000 tuliteua 12 zenye tofauti kubwa, tukatenga sampuli 16 za majaribio, tukafundisha modeli, yaani programu ya kubashiri nani mgonjwa, kwa zilizobaki. Imepatia zote 16. Mwezi ujao tunakutana na mwekezaji. Je, tuhamie mtandao wa neva, ile akili mnemba ya kisasa zaidi, ili aone tunakwenda na wakati?

JIBU: Marahaba, wanangu. Mtandao wa neva uacheni kwanza. Maswali ya namna hii nayapata kila mara, na kila mara kinachoulizwa ni algoriti (njia ya kukokotoa) ipi, wakati ubovu uliingia kabla algoriti yoyote haijaguswa.

Jeni zenu 12 mliziteua kwa kutazama watu wote 80, wakiwemo hao 16. Kisha mkawatenga mkawaita wageni, ilhali walishapiga kura jeni zipi ziingie. Jeni zikiwa 15,000 na kigezo ni kile cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 1 kati ya 20, takriban 750 zitaonyesha tofauti kwa bahati tu, hata kama makundi yenu hayatofautiani kwa lolote. Jaribuni hivi: changanyeni ovyo lebo za mgonjwa na mzima, kisha rudieni kazi yote tangu kuteua jeni. Modeli inapaswa kubahatisha nusu kwa nusu. Ikizidi kupatia, mmeshajua kuwa uteuzi ndio unaowadanganya. Uteuzi ufanyike ndani ya sampuli za mafunzo peke yake, na urudiwe kila mnapogawa upya.

Hilo linarekebishika. Linaloniudhi ni Machi na Juni.

Wagonjwa wote awamu moja, wazima wote awamu nyingine! Kemikali huenda zilibadilika, fundi wa maabara huenda alikuwa mwingine, na damu pengine haikukaa muda uleule kabla ya kugandishwa. Modeli yenu inaweza kuwa imejifunza kutofautisha miezi tu. Atakuja mtu awaambie kuna programu ya kusafisha athari za awamu. Zipo, ComBat ni mojawapo na mimi naitumia, lakini awamu na ugonjwa vikifuatana moja kwa moja hivyo, ukiondoa kimoja umeondoa na kingine. Anayewaahidi vinginevyo anataka hela yenu.

Haya yaliwakuta wakubwa. Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani wa kutambua saratani ya ovari kwa protini za damu: wagonjwa 50 kati ya 50 walitambuliwa, na wasio na saratani 63 kati ya 66. Kampuni ikaandaa kipimo cha kuuza, OvaCheck. Mtakwimu Keith Baggerly na wenzake wa kituo cha saratani cha M.D. Anderson, Houston, wakazichambua data ambazo watafiti wenyewe walikuwa wameziweka wazi. Katika seti moja ya baadaye walikuta sampuli nyingi za wazima zilipimwa siku tofauti na nyingi za wagonjwa, na katika data hizo makundi yalitenganishika hata kwenye sehemu za kipimo ambazo ni kelele za mashine. Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikataka kipimo kipitishwe nayo kwanza. Hakikufika sokoni.

Na hata kama zile 63 kati ya 66, yaani asilimia 95 ya wasio na saratani, zingekuwa za kweli: chukulia mwanamke 1 kati ya 2,500 ana ugonjwa huo. Kwa kumpata huyo mmoja, wengine kama 125 wanaambiwa wana saratani, na kuithibitisha saratani ya ovari kwa kawaida ni kupasuliwa.

Wanafunzi wazima nao hawafai kuwa kundi pekee la kulinganisha. Daktari hahitaji mashine ya kumtofautisha mgonjwa wa wodini na kijana anayecheza mpira. Anahangaika na watu wawili wanaokohoa, mmoja ana kifua kikuu na mwingine nimonia. Panya wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa magonjwa pale Morogoro, hunusa makohozi ya watu waliokwenda kliniki, na sampuli wanayoionyesha huhakikiwa maabara. Panya ana utaratibu mkali kuliko kampuni nyingi changa ninazoletewa.

Siku hizi kuna washauri wa data wanaopokea faili Ijumaa na kurudisha grafu za kupendeza Jumatatu, bila kuuliza damu ilitolewa wapi wala lini. Mwanafunzi anapata digrii, mwekezaji anapata slaidi, halafu kipimo kinapelekwa kwenye zahanati yenye mgonjwa halisi. Mchambuzi asiyetaka kuona daftari la maabara msimlipe.

Mwekezaji mwambieni mna sampuli 80 za awali na mnahitaji fedha za kukusanya nyingine, kutoka kwa watu wanaokohoa, katika kituo kingine. Damu iliyobaki kwenye friji msiitupe. Kama bado ni nzima, ichanganywe kwa bahati nasibu, wagonjwa na wazima pamoja, isomwe upya awamu moja kabla hamjalipia kompyuta yoyote.