Kurudi kazini baada ya kuumia mkono

Ndugu yangu, pole sana. Umeeleza kwamba mashine ya kiwandani Jinja, Uganda, ilikuponda vidole viwili, na sasa meneja anataka urudi Jumatatu kwenye mashine ileile, ilhali hata kifungo cha shati hukiwezi. Mwombe daktari aandike waziwazi unachokiweza, yaani uzito wa kuinua, saa za kazi na mkono wa kutumia, kwa sababu cheti kinachosema tu "apumzike" hakimsaidii mwajiri kukupangia kazi nyepesi, kama kuhesabu mizigo stoo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inataka mwajiri ajulishwe ajali ndani ya mwezi 1. Mwandikie leo, ubaki na nakala, na akikupuuza umwone afisa wa kazi wa wilaya.