Alama ya hasi iliyonikata mshahara miezi sita

Jumapili usiku nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Geita. "Shikamoo kaka. Nimeingiza endimili kwenye jiliwa mara ya pili wiki hii. Ofseti naziweka kama video inavyoonyesha. Tatizo ni mashine au ni mimi?" Chini yake kuna picha: endimili (kisu kinachozunguka cha mashine ya CNC, ile ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta) ya milimita 12 imekatika shingoni, na taya la nyuma la jiliwa lina kovu jipya, linang'aa.

Marahaba mdogo wangu. Ni wewe.

Usinune. Nilianza kukujibu kwenye simu, jibu likarefuka, nikalihamishia hapa, maana najua hauko peke yako. Wote tunaopita hapa tunataka kitu kimoja: karakana yetu, mashine yetu, na mteja anayetuulizia kwa jina. Ila huko hakuna anayefika bila kupita kwenye aibu ya sifuri, yaani mahali unapoiambia mashine ianzie kuhesabu. Ndizo hizo ofseti. Mimi nimepita, tena mbele ya watu.

Ilikuwa 2016, karakana moja ya Nyakato, Mwanza, ambayo sitaitaja. Nilitoka chuoni najua lethi na milingi ya mkono. Nilivyokabidhiwa mashine ya CNC ni hadithi ndefu. Kwa kifupi, aliyekuwa anaiendesha alikwenda kufanya kazi mgodini, na siku hiyo mimi ndiye nilikuwa nimesimama karibu nayo.

Miezi mitatu baadaye ikaja kazi ya kiwanda cha minofu ya sangara. Bamba nne za chuma cha pua, unene milimita 20, kila moja matundu manane. Mchoro unasema tundu la kwanza liwe milimita 20 kutoka ukingo wa kushoto. Sifuri ya programu ilikuwa kona ya kushoto, mbele. Kazi nyepesi, na mimi nikaichukua kwa wepesi huohuo.

Kama hujui, mashine ikiwaka na kurudi nyumbani kwake inajua mahali pake yenyewe tu. Chuma chako kilipo haikijui. Wewe ndiye unayeiambia, na unachoiambia inakihifadhi kwenye G54, au G55, mpaka G59. Nafasi sita. Kitakachoandikwa humo itakiamini kuliko macho yako.

Kifaa cha kutafutia ukingo sisi pale tulikiita eji-faida. Siku ile kilinipa hasara. Ncha yake ina kipenyo cha milimita 10. Unaizungusha taratibu, unaisogeza kwenye chuma huku inayumbayumba, inatulia, halafu ghafla inaruka pembeni. Hapo inaporuka, katikati ya spindeli, mhimili unaokizungusha kifaa, ni milimita 5 kutoka ukingo. X ni kushoto na kulia, Y ni mbele na nyuma. Niligusa upande wa mbele, nikaandika Y-5. na kubonyeza kitufe cha kupimia. Sawasawa kabisa. Nikagusa upande wa kushoto. Wakati huohuo naitwa chai. Nikaandika X5. nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Hapo ndipo mishahara yangu ilipoishia.

Spindeli ilikuwa kushoto kwa ukingo, yaani upande wa hasi. Mimi nikaiambia mashine iko upande wa chanya. Ikatii. Sifuri ikahamia milimita 10 kushoto, nje ya chuma kabisa, hewani. Tundu la kwanza, lililotakiwa milimita 20 kutoka ukingo, likatobolewa kwenye milimita 10, na mengine yote yakafuata kama kondoo.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilipima! Nilichukua vania, kile kipimio cha taya mbili, nikapima tundu hadi tundu, kila kitu kikakubali mpaka sehemu ya mia ya milimita. Bila shaka kingekubali, matundu yote yamehama pamoja. Kutoka ukingoni sikupima hata moja. Na kwa kuwa nilifunga stopa, kizuizi cha kuegemeza chuma, pembeni ya jiliwa, bamba zote nne zilikaa palepale na kuharibika palepale. Nikapiga picha, nikaweka status.

Siku ya nne bamba zikarudi kwenye kirikuu. Mzee mwenye karakana aliziweka chini, akaniita mbele ya mteja, mafundi wenzangu na mama lishe aliyekuwa anakusanya vikombe, akasema: "Wewe si fundi. Wewe ni mbonyeza vitufe." Akanikata shilingi 40,000 kila mwezi kwa miezi sita. Bei ya zile bamba sikuambiwa, kwa hiyo sijui kama nilizilipa mara moja au mara mbili. Mama lishe naye akaanza kuniita Vitufe, na jina hilo Nyakato bado lipo.

Sasa wewe wa Geita. Nilipokuuliza, umesema sifuri yako iko ukingo wa nyuma, kwenye taya lisilosogea. Hapo uko sahihi, na anayekucheka mwache, kwa sababu taya hilo halihami hata ukibadilisha chuma kikubwa kwa kidogo. Umesema pia mfuko unaouchimba, yaani shimo pana lisilotoboa chuma, unaanzia milimita 6 kutoka ukingo huo. Angalia kovu lako: liko upande wa ndani wa taya. Yule wa kwenye video anagusa mbele, anaandika Y-5. Wewe umegusa nyuma, ukamwigiza na hasi yake. Spindeli ikiwa nyuma ya ukingo ni chanya. Ulipoweka hasi, sifuri ilirudi nyuma milimita 10, na mfuko wa milimita 6 ukaanzia milimita 4 ndani ya taya. Mashine yako ni nzima.

Kwa hiyo alama usiikariri. Jifanye umesimama kwenye sifuri, kisha jiulize spindeli iko wapi. Kushoto, hasi. Kulia, chanya. Mbele, hasi. Nyuma, chanya. Meza isikuchanganye: kwenye mashine nyingi kama hizi ukibonyeza X chanya meza inakwenda kushoto, na mgeni anaona kila kitu kinyume. Ni kama kuwa ndani ya kivuko cha Kamanga ukaona Mwanza inaondoka. Mwanza haiendi popote. Hesabu ni ya spindeli, siku zote.

Ukimaliza kuweka, usiguse programu. Pandisha Z, ule mwendo wa juu na chini, mpaka juu salama, mwendo wa haraka uwe asilimia 25, kidole kiwe kwenye kitufe cha kusimamisha, halafu iamuru mashine iende G54 X0 Y0. Shusha ncha ya eji-faida kwa mkono karibu na kona, uinamie uangalie. Sifuri ikiwa kweli iko konani, robo ya ncha itakuwa juu ya chuma na robo tatu hewani. Ningeinama siku ile ningeona ncha nzima iko hewani. Sekunde thelathini. Kwa Z fanya hivyohivyo: itume Z100. pamoja na urefu wa kifaa chake, uweke rula. Ikisoma 70 badala ya 100, unajua umekosea kabla endimili haijajua.

Halafu nukta. Kontrola yetu, ule ubongo wa mashine, ilikuwa ya Fanuc, na ilivyosetiwa, ukiandika X5 bila nukta inasoma 0.005. Niliwahi kuiacha. Na kuna vitufe vya INPUT na +INPUT: cha kwanza kinafuta namba iliyopo, cha pili kinaongeza juu yake. Tusemezane vizuri, hapo pia nimewahi kukosea.

Nawaambia vijana, mnapenda video kuliko mnavyopenda kuinama. Mnataka kitufe cha kijani. Fundi huonekana kabla ya kitufe cha kijani, pale anapofuta jiliwa kwa kitambaa, anapopitisha tupa kwenye ukingo wenye ncha kali, anapogusa mara mbili aone kama namba inarudi ileile. Mwenye haraka ya chai atakunywa chai na hasira za bosi. Pimeni kutoka ukingoni. Narudia, kutoka ukingoni. Umeme ukikatika na kurudi, irudisheni mashine nyumbani, muinamie kona upya, hata kama mna uhakika. Hasa mkiwa na uhakika.

Siku ninaondoka pale niliomba bamba moja kati ya zile nne. Mzee aliiweka kwenye mizani, akanitoza kwa kilo, bei ya skrepa. Sasa ninayo kwenye karakana yangu, Igoma, chini ya birika. Mteja akiuliza matundu ya nini, namwambia ya kupitishia mvuke.

Wewe wa Geita, kesho kabla hujawasha programu nipigie picha ncha ikiwa juu ya kona. Usinitumie video. Picha moja tu, kutoka juu.